Kitambaa cha Mtaa wa Usiku

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, tena kwa sauti, kwa sababu hapa kwetu ukichelewa kujitangaza watakutangaza wenzako, na wenzako hawajui kutia chumvi kwa kiasi. Mzee Mizani ameshaisimulia habari hii sokoni mara nyingi kuliko nilivyolivaa koti hili, na katika simulizi yake yeye ndiye mwenye akili. Mwongo mkubwa. Tulikuwa wajinga wawili. Mimi nilitangulia tu kufika.

Mitaa yetu ni mitatu, na haikupewa majina ya watu wakubwa. Kampuni ya makaa ya mawe ilipoijenga iliipa majina ya zamu: Mtaa wa Asubuhi, Mtaa wa Mchana na Mtaa wa Usiku. Ukiandikishwa zamu ya asubuhi unapewa nyumba Mtaa wa Asubuhi, wewe na mkeo na watoto na kelele zenu zote. Ukibadilishiwa zamu, mnahama na masufuria kichwani. Nyumba zenyewe ni kama zilitoka kwenye kalibu moja ya matofali: mlango mmoja mbele, dirisha moja, chumba cha mbele chenye meko ya chuma, chumba cha nyuma, kisha ua mwembamba wenye karo la saruji la kuogea. Zilifanana mno. Mtu aliyetoka chini amechoka aliweza kuingia kwa jirani, akavua viatu, akaketi, akaanza kuuliza chakula kiko wapi.

Na kabla kampuni haijajenga mabafu kule mlangoni mwa mgodi, wanaume walirudi nyumbani weusi tii, meno tu ndiyo yanayoonekana. Kuna mama mmoja, jina lake silitaji kwa kuwa wajukuu zake wana ngumi nzito, alimsugua mgongo mume wa mwenzake mpaka likatokeza kovu asilolijua. Alipiga ukelele ukasikika mitaa yote mitatu. Watu huniuliza, "Na yule mwanamume muda wote huo alinyamaza tu?" Alinyamaza. Alisema maji yalikuwa ya moto, tena mazuri.

Mtaa wa Usiku ulikuwa na mambo yake. Wakazi wake walilala mchana, kwa hiyo mchana mtaa ule ulikuwa kimya kama chumba cha mgonjwa. Mwanamume akirudi alfajiri, akioga, akila, akijitupa kitandani, mkewe alifunga kitambaa cheusi kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Ukikiona kitambaa hupigi hodi. Huiti. Hata kama umeleta habari ya msiba, unakaa kibarazani unasubiri kifunguliwe. Watoto walikwenda kucheza Mtaa wa Mchana. Muuza samaki alipita akionyesha samaki wake kwa mikono, kama bubu. Mama akitaka kumgombeza mtoto alimfinya, na mtoto naye alilia bila sauti. Walikuwako mume na mke waliogombana kwa kunong'ona tangu asubuhi hadi king'ora cha jioni, na jirani hakujua lolote mpaka alipoona mto unarushwa nje dirishani.

Usicheke sana. Mguu wangu wa kushoto uliwahi kulaliwa na dari ya mgodi. Kazi yangu ilikuwa kusimamisha nguzo za miti chini ya mwamba, ndiyo maana mpaka leo wananiita Nguzo, ingawa siku hizi nami nasimama kwa fimbo. Mwenzangu aliyegongelea kabari siku ile hakuwa amelala. Mtaani kwake kulikuwa na ngoma ya harusi, na wapigaji walikiona kitambaa wakajifanya hamnazo. Basi akaipiga kabari nusunusu, akasinzia amesimama. Dari haikusinzia. Yeye alitoka mzima, akalia kuliko mimi. Tangu hapo, kitambaa mlangoni kwangu si kitu cha mzaha, na mimi ni mtu wa mzaha katika mengi.

Sasa nije kwa Mama Taa.

Alipata jina hilo kwenye chumba cha taa, jengo lile refu la matofali mekundu ambalo leo lina mashine ya kusaga. Bado lina dirisha dogo ubavuni. Kila mchimbaji alipita pale, akatoa kibati chake chenye namba, akapewa taa yake. Mama Taa ndiye aliyekuwa nyuma ya dirisha. Hakuwa na maneno mengi. Alikukabidhi taa akakwambia, "Irudishe mwenyewe." Ukimtuma mwenzako akurudishie, alikataa kuipokea. Siku nilipoangukiwa na dari, taa yangu ililetwa na mtu mwingine, Mama Taa akaiweka chini, mbali na zile nyingine, hakuitundika mpaka nilipotoka hospitali nikaja kuiinua mwenyewe na kumpa mkononi. Alifanya hivyo kwa kila mtu, sijidanganyi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na mguu mmoja mzima siku ile, nikauona moyo wake.

Mumewe alikuwa fundi baruti wa zamu ya usiku, mtu mpole mwenye masikio mazito kwa ajili ya ile milipuko. Mgodi ulipofungwa kifua kikamsumbua, na baadaye kikamchukua. Mke wangu alitangulia kidogo. Basi ikawa kila siku jioni napita Mtaa wa Usiku kunyoosha mguu, na mguu wenyewe kwa bahati hunyooka vizuri zaidi nikifika kibarazani kwa Mama Taa. Tunakunywa chai. Tunabishana yapi yalijengwa kwanza, mabafu au chumba cha taa. Narudi kwangu Mtaa wa Asubuhi, ambako chumba cha nyuma kinakaliwa na baiskeli mbovu na kuku anayeatamia.

Halmashauri ndiyo iliyoleta balaa. Walitaka nyumba moja ya wachimbaji ibaki kama ilivyokuwa enzi za mgodi, ili wanafunzi na wageni waje kuona watu walivyoishi. Nyumba moja tu, na kama kwetu isingepatikana, wangeenda kuchukua moja kati ya zile za wafanyakazi wa reli, kule stesheni, watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kuona makaa isipokuwa yakiwa yamepakiwa. Aliyepewa kazi ya kutafuta nyumba alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyesomea majengo. Akaja kwangu.

"Mjomba, ni nyumba gani haijabadilishwa kabisa?"

Sikufikiri hata kidogo. "Ya Mama Taa. Meko ile ile, karo lile lile, mpaka misumari ya kutundikia nguo za kazi."

"Mwenyewe atakubali? Maana itabidi ahame, atafutiwe pengine pa kukaa."

"Tumeshazungumza," nikasema.

Na kweli tulikuwa tumezungumza. Kuhusu mvua.

Nieleweke hapo. Sikukusudia ubaya. Niliona nyumba yake ikipakwa rangi upya, jina lake limeandikwa ukutani, watoto wa shule wamejipanga wakimsikiliza. Na lile neno "pengine pa kukaa" nililisikia vizuri sana. Chumba cha nyuma ningekifagia. Baiskeli ningemuuzia mtu asiyejua baiskeli. Kuku angeelewa. Kwa ufupi, nilikuwa nimepanga kumposa mwanamke kwa kumnyang'anya nyumba, na niliona ni akili.

Asubuhi ya ukaguzi nilinyoa ndevu, nikavaa hili koti. Mpwa wangu akanitazama juu mpaka chini.

"Mjomba, leo unaoa?"

"Nakagua majengo."

"Majengo hayanusi manukato."

"Wewe chora tu," nikamwambia, tukaondoka.

Tulipita chumba cha taa, tukapita mabafu ambayo sasa yamebaki kuta na vigae vyeupe vilivyomeguka, tukakata kona kuingia Mtaa wa Usiku. Bwana Mipango, yule ofisa wa halmashauri mwenye kauli ya mwisho, alipaswa kutukuta pale pale mlangoni. Mpwa wangu alikuwa anasimulia jambo kwa furaha. Nikamshika mkono, nikamsimamisha katikati ya neno.

Kitasani kwa Mama Taa kulikuwa na kitambaa cheusi.

"Nini?" akauliza.

"Shh! Kuna mtu amelala."

"Nani?"

Hapo ndipo swali liliponiingia. Nani? Mama Taa anaishi peke yake. Kitambaa kilifungwa kwa ajili ya mwanamume. Miaka yote ile sikuwahi kuona mwanamke amekifunga kwa ajili yake mwenyewe. Roho ikanidunda mpaka nikahisi manukato yanapanda kichwani.

"Labda amekisahau tu," mpwa wangu akasema, akainua mkono agonge.

Nikaurukia ule mkono kama kipa. "Hakigongwi!"

"Mjomba, ni kitambaa."

"Najua ni kitambaa. Mlango huu haugongwi."

"Basi niite hodi kidogo."

"Mtoto wewe mamako alikulea wapi?"

"Kwako," akanijibu kwa kunong'ona. Nikaona angalau nimefundisha kitu, sauti ameishusha.

Tukaketi kwenye kibaraza cha nyumba ya kando. Kwa macho nilikuwa natazama mlango, lakini akilini nilikuwa nawapanga wajane wanaume wa mitaa mitatu kama nguzo. Nikafika kwa Mzee Mizani nikakwama. Enzi za mgodi alikuwa anapima mabehewa ya makaa pale juu, na tulimshtaki kila siku kwamba kidole chake kinalalia mizani. Mtu wa shati safi. Wiki iliyopita tu alimletea Mama Taa koti lake amshonee ukosi, na ukosi ule, mimi niliuona kwa macho yangu, haukuwa umechanika!

"Mjomba, mbona unasaga meno?"

"Vumbi."

Pikipiki ikanguruma pembeni mwa mtaa. Bwana Mipango. Niliruka na mguu wangu na fimbo yangu nikamkimbilia, nikipunga mikono kama ninayezuia treni.

"Zima! Zima hicho chombo!"

Akazima, ameshtuka. "Kuna nini, mzee? Kuna ajali?"

"Kuna mtu amelala. Zamu ya usiku."

Akanitazama kwa huruma, ile ya watu wanaoandaa sauti ya kuzungumza na wagonjwa. "Mzee wangu, mgodi ulifungwa mimi nikiwa shule ya msingi."

"Mgodi ndio uliofungwa. Kulala hakujafungwa. Nisaidie kuisukuma."

Tukaisukuma pikipiki mpaka kibarazani, yeye usukani na mimi nyuma. Ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo likinijia nafurahi. Mama aliyekuwa akifagia ng'ambo ya mtaa aliona kitambaa, akasimamisha ufagio hewani, akaingia ndani na ndoo yake ameibeba kwa mikono miwili isigonge. Vijana wawili wenye redio waliipunguza, kisha wakaizima kabisa. Hao walizaliwa mgodi ukiwa tayari umejaa maji. Hakuna aliyewaamuru. Mtaa mzima ulinyamaza nyumba kwa nyumba, kama watu wanaopuliza taa. Hata Bwana Mipango, alipofungua mkoba wake, nikamwona anavuta zipu polepole.

"Sasa tunafanyaje?" akaninong'oneza.

"Tunasubiri."

"Kwa nini mimi nanong'ona?" akanong'ona tena, akacheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika.

Tukiwa hapo, nikamwona mtu anakuja kwa mwendo wa kunyata, viatu mkononi. Shati safi. Ukosi safi zaidi. Mzee Mizani! Macho yalinitoka, na yake yalimtoka vilevile. Akanisogelea mpaka pua kwa pua.

"Nguzo! Kumbe uko nje?"

"Na wewe kumbe uko nje?"

"Nimeambiwa kitambaa kimefungwa kwa Mama Taa. Nikajua ni wewe umelala humo, mzee mzima huna haya. Nimekuja kukufumania ukitoka."

"Mimi nilijua ni wewe! Wewe na ukosi wako usiochanika!"

"Ulichanika!"

"Ulichanwa!"

"Shh!" mpwa wangu na Bwana Mipango walitunyamazisha kwa pamoja.

Tukaketi bega kwa bega, maadui wa dakika moja iliyopita, tumeungana katika msiba. Kama si yeye na si mimi, ni nani?

"Fundi viatu?" Mizani akanong'ona.

"Yule mkewe yu hai."

"Ndiyo maana angekuja kulala huku."

Nikataka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Mizani naye akatazama miguu yake. Nilijua sasa kwamba naye alikuwa anakuja hapa kunyoosha mgongo kama mimi ninavyonyoosha mguu, na nikamwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu.

Jua lilipanda. Bwana Mipango akatazama saa, akasimama. Alikuwa mtu mzuri, na ndiyo maana iliuma.

"Wazee wangu, nina kikao. Watu wa stesheni nao wananisubiri na nyumba yao. Nisipoingia humu leo, ile ya reli ndiyo itakayoandikwa. Siyo kwamba nawatisha. Ndivyo ilivyo."

Mpwa wangu akanigeukia, macho yamemjaa maji. Miezi yote alikuwa anachora madirisha yetu, akipima kuta zetu, akiandika hadithi ambazo sisi tulikuwa tumezichoka. "Mjomba. Gonga mara moja tu. Anakujua. Hatakasirika."

Nikaenda. Nikapanda kile kibaraza ambacho naweza kukipanda nikiwa nimefumba macho. Nikainua mkono. Kitambaa kilikuwa hapo, kimefungwa fundo lile lile la zamani, na ndani hakukusikika kitu. Nikamfikiria mtu, sijui nani, amelala usingizi wa mtu aliyetoka chini ya ardhi. Nilimchukia, lakini amelala. Mkono ukashuka wenyewe.

"Siwezi, mama," nikamwambia mpwa wangu. "Nisamehe. Waandikie wa reli."

Akakunja michoro yake. Bwana Mipango akasema atakunywa chai pale kona kabla ya kwenda stesheni, pengine huyo mwenye usingizi ataamka. Wakaenda wote wawili wakiisukuma pikipiki. Tukabaki mimi na Mizani na kitambaa.

Hawajamaliza kukata kona, kitasa kikalia. Mlango ukafunguka. Mama Taa amesimama pale, kajifunga leso kichwani, miwani puani, kikombe mkononi, macho makavu ya mtu ambaye kitanda hajakigusa tangu alfajiri.

"Ameshaenda yule wa pikipiki?"

Mizani akachungulia ndani akipita kwapani mwake. "Nani amelala humo?"

"Nani angelala? Tangu asubuhi mnanong'ona hapa nje kama panya ndani ya gunia. Nguzo, ingia. Mizani, na wewe ingia, usije ukapasuka."

Tukaingia. Kitandani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na shuka limetandikwa bila kunjo, na ukutani misumari mitupu ya nguo za kazi. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu asubuhi, mpaka Mizani akageuka kunitazama.

"Jana jioni," Mama Taa akaanza, "mpwa wako alikuja kunieleza habari za ukaguzi. Mtoto ana adabu. Akanywa chai, akaniuliza kitanda changu kitahamishwa lini. Nikamwuliza, kihamishwe kiende wapi? Akasema, 'Si mmeshapanga na Mjomba?' Nikamwongezea chai, nisimvunje moyo. Sasa niambie, Nguzo. Tulipanga lini?"

Nilitazama meko. Meko haikunisaidia.

"Nilitaka iwe jambo la kukufurahisha. Ghafla."

"Limekuwa la ghafla."

"Nyumba yako ingepata heshima. Jina lako ukutani. Watoto wangekuja…"

"Watoto wangekuja kutazama kitanda alichofia mume wangu, na mimi niko wapi? Nimeketi wapi? Humu ndimo ninamojua kutembea gizani. Umewapa watu nyumba yangu kama unayegawa kiti chako."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafasi ya kujitetea. Mizani, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu kuzaliwa, alikuwa anahesabu nyuzi za ukosi wake.

"Ungeniambia hukubali," nikasema mwishowe. "Jana ile ile ungenifuata ukanitukana, yakaisha. Kitambaa cha nini?"

Akaweka kikombe mezani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine.

"Nikukatalie mbele ya mtoto wa dada yako, umenyoa ndevu, umevaa koti? Nilikuona kutoka dirishani jinsi ulivyokuja. Nilitaka ushindwe bila kuaibika. Yule ofisa angegonga. Mpwa wako angegonga. Huyu Mizani angegonga kisha akasingizia upepo. Nilijua wewe hutagonga hata nyumba ikiungua."

Nimeangukiwa na mwamba, nimezika mke, nimepoteza kazi siku moja na wenzangu wote, na sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia neno linalofanana na hilo.

"Samahani," nikasema. "Sikukuuliza. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa."

"Nikawakimbilie niwaambie basi, mambo yameisha. Reli wachukue."

"Reli wachukue kwa nini?" Akavaa miwani tena, na nikaona ule uso wa nyuma ya dirisha la chumba cha taa umerudi. "Mtoto yule amechoka bure? Wanataka nyumba ambayo haijaguswa tangu mgodi. Ya kwako imeguswa na nani?"

"Yangu?"

"Meko umebadilisha?"

"Sijabadilisha, lakini…"

"Karo umebadilisha? Dirisha je? Hata ule utando wa buibui juu ya mlango nadhani uliachwa na kampuni. Mimi hapa nimepaka chokaa mara ngapi! Mpwa wako hakujua tu kwamba imebaki vile vile, kwa sababu siku hizi humwingizi chumba cha nyuma. Unaona haya."

"Kuna kuku," nikasema.

"Wachimbaji walifuga kuku. Mizani! Nenda pale kona kabla chai haijaisha. Mwambie yule ofisa nyumba ipo, Mtaa wa Asubuhi, kwa huyu Nguzo. Na uvae viatu."

Mizani alisimama mlangoni akinitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama mimi tena. Alielewa kabla yangu. Namsifu kwa hilo, ingawa sokoni hulisimulia kama vile ni yeye aliyelipanga. Akavaa kiatu kimoja, cha pili akakibeba, akaenda. Bwana Mipango aliiona nyumba yangu mchana ule ule, akaipenda pamoja na buibui wake, na mpwa wangu akanikumbatia mpaka fimbo ikaanguka. Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa bado nabisha.

"Na mimi je?" nikauliza. "Nyumba wakishaichukua, mimi nitakaa wapi?"

"Uliponipangia mimi ulifikiri nitakaa wapi?"

Nikakohoa. Nikasema chumba changu cha nyuma kina nafasi, kilikuwa na nafasi, yaani nilifikiri kingekuwa na nafasi, baiskeli ikiondoka.

"Na changu kina nafasi," akasema. "Hakina baiskeli."

Nilihisi masikio yanawaka moto kama kijana. Nikamwambia hilo haliwezekani. Mwanamume hahamii kwa mwanamke, mzee wa umri wangu, na koti moja na kuku. Nikamwambia afikirie wenzetu wa ibada, afikirie majirani, afikirie Mizani atakavyopata la kusema mpaka siku ya kuzikwa. Nikaongea mno. Nikaongea kama maji yaliyopasua bomba, na yeye anamimina chai kwenye kikombe cha pili, taratibu, akijaza mpaka ukingoni kama ninavyopenda.

"Mama Taa," nikamaliza, "watu watasema nini?"

Akanisogezea kikombe.

"Watu walishasema mpaka wakachoka, Nguzo. Ambaye hajasema ni wewe tu."